Mgonjwa wako ana nani? Usihesabu wageni, muulize mwenyewe

Safu ya afya na usafi imezoea kuzungumzia maji ya kunywa, choo, chandarua na chakula cha mtoto. Leo tunazungumzia jambo lisiloonekana kwa macho wala kwa darubini ya maabara, lakini ambalo lina uzito mkubwa katika afya ya mtu. Nalo ni hili: je, mgonjwa aliyemo nyumbani mwako anaamini kwamba ana mtu wa kumtegemea?

Wengi wetu tukiulizwa hivyo tutajibu haraka kwamba anao, tena wengi. Tutawahesabu. Shangazi alikuja Jumanne, wanaume wa msikitini walipita baada ya swala ya Ijumaa, majirani wameleta uji, ndugu wa Mlimba wamepiga simu. Saa ya kuona wagonjwa hospitalini ikifika, watu wanajaa mpaka muuguzi anawaomba wengine wasubiri nje. Kwa hesabu hiyo tunaridhika kwamba mgonjwa wetu hana upungufu.

Hoja ya makala hii ni kwamba hesabu hiyo haitoshi, na mara nyingine inatudanganya. Mgonjwa anaweza kuzungukwa na watu 20 mchana, na usiku akawa hana hata mmoja wa kumwambia kwamba anaogopa, au kwamba dawa ameacha kumeza tangu wiki iliyopita. Mwingine ana mtu mmoja tu, na huyo mmoja anamtosha. Tukitaka kujua mtu ana nani, wa kuulizwa ni yeye mwenyewe.

Msaada uliotolewa na msaada unaoaminika

Watafiti wa afya na wa saikolojia wamelishughulikia suala hili kwa miaka mingi. Wanatenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. La kwanza ni msaada ambao mtu amepokea: fedha, chakula, nauli, kusindikizwa hospitali. La pili ni msaada ambao mtu anaamini kwamba upo, na kwamba akiuhitaji ataupata. La kwanza linaweza kuandikwa kwenye daftari na yeyote aliyekuwepo. La pili limo moyoni mwa mhusika, na hakuna wa kulisoma isipokuwa aulizwe.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mara nyingi hilo la pili ndilo linaloendana zaidi na afya, hasa afya ya akili. La kwanza wakati mwingine huonekana kwenda kinyume, kwamba waliopokea vingi ndio wenye hali mbaya. Sababu si ngumu kuziona. Kwanza, aliyezidiwa ndiye anayeletewa vitu vingi. Pili, si kila msaada unamwacha mtu na nguvu. Uko msaada unaokuja na maneno: mwezi wa tatu sasa tunakulisha, watoto wako wako wapi? Sote tunajua namna Qur'an ilivyokataza sadaka kufuatishwa na masimango na maudhi. Anayesimangwa amepokea chakula, na kwenye daftari anaonekana amesaidiwa. Moyoni mwake amejifunza kutoomba tena.

Aidha, msaada una aina zake. Mwaka 1981 mtaalamu wa Marekani, James House, alizitaja nne: msaada wa moyo, yaani kupendwa na kusikilizwa; msaada wa vitendo, kama fedha na kazi za mikono; msaada wa maarifa, yaani kuelekezwa la kufanya; na msaada wa kumsaidia mtu ajipime na kujiona kwamba bado ana thamani. Familia zetu zinajitahidi sana katika ule wa vitendo. Tunachanga, tunapika, tunabeba. Katika ile mitatu mingine mara nyingi tunadhani kwamba kufika kwetu kumetosha.

Je, jambo hili linahusu uhai kweli?

Linahusu. Mwaka 1979 watafiti Lisa Berkman na Leonard Syme walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 6,928 wa Alameda, California, kwa muda wa miaka 9. Waliokuwa na mahusiano machache na watu wengine walikufa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wenye mahusiano mengi. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu 308,849. Waliona kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai kwa asilimia 50, tofauti ambayo waliilinganisha na ile ya kuacha sigara. Na mwezi Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu 1 katika kila watu 6 duniani ana upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kwa mwaka.

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya Wazungu wanaokaa peke yao kwenye maghorofa, na sisi tuna udugu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ripoti hiyo inahusu dunia nzima, zikiwemo nchi maskini. Kisha upweke si kukosa watu nyumbani. Ni kukosa mtu unayeamini kwamba yuko upande wako, na hilo linaweza kumpata mtu katika nyumba yenye vyumba sita vilivyojaa.

Kipimo chenyewe kikoje

Mwaka 1988 Gregory Zimet na wenzake huko Marekani walichapisha dodoso la sentensi 12. Sentensi 4 zinahusu familia, 4 zinahusu marafiki, na 4 zinahusu mtu mmoja ambaye ni wa pekee kwa mhusika. Mtu anasomewa kila sentensi, kwa mfano kwamba anaweza kuongea na familia yake juu ya matatizo yake, kisha anatoa alama kuanzia 1, yaani hakubali kabisa, hadi 7, yaani anakubali kabisa. Alama zinajumlishwa na kugawanywa kwa 12. Wastani usiofika 3 unahesabiwa kuwa ni msaada hafifu, kuanzia 3 mpaka 5 ni wa kadiri, na zaidi ya 5 ni mkubwa.

Kiko kifupi zaidi, kinachoitwa kipimo cha Oslo, chenye maswali 3 tu. La kwanza linauliza una watu wangapi wa karibu unaoweza kuwategemea ukipatwa na tatizo kubwa. La pili linauliza watu wanajali kiasi gani yale unayoyafanya. La tatu linauliza ni rahisi kiasi gani kupata msaada wa vitendo kwa majirani ukiuhitaji. Jumla ya juu ni 14, na anayepata 8 au chini anahesabiwa kuwa na msaada hafifu. Maswali matatu haya hayachukui dakika tano. Hayahitaji sindano, umeme wala kemikali.

Lakini usidhani kwamba maswali hayo yanaweza kuchukuliwa tu kama yalivyo. Dodoso la Zimet lilijaribiwa kwanza kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wenzetu wa Uganda hawakulipokea hivihivi. Watafiti walilifasiri kwa Kiganda, wakalijaribu kwa akina mama waliotoka kujifungua mjini Kampala, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Hapa kwetu Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walifanya kazi ya namna hiyo kwa dodoso lingine, la dalili za sonona na wasiwasi lenye maswali 25. Walilipima kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI jijini Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Funzo ni kwamba swali nalo hupimwa kabla halijampima mtu.

Swali likiulizwa vibaya

Tuchukue neno "msaada" lenyewe. Katika masikio ya watu wa bonde hili, msaada ni mahindi ya njaa, ni chandarua cha bure, ni fedha. Ukimuuliza bibi wa Lupiro kama anapata msaada, atakujibu kwamba tangu mwaka jana hajaletewa kitu. Hakukosea. Amejibu swali alilolisikia. Ukimuuliza badala yake: "Bibi, ukishikwa na jambo usiku, unamwita nani?" hapo atakutajia mtu, au atanyamaza. Na ule unyamavu nao ni jibu.

Vilevile kutenganisha familia na marafiki kuna ugumu wake kwetu. Shoga wa mwanamke mara nyingi ni binti wa mama yake mdogo, na jirani wa miaka 20 anaitwa ndugu. Na "mtu wa pekee" ni nani? Huko lilikotoka dodoso wengi watamfikiria mchumba au mwenzi. Kwetu anaweza kuwa mama, somo, dada mkubwa, hata mke mwenza. Anayeuliza asimchagulie anayejibu.

Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, ni adabu zetu wenyewe. Muislamu akiulizwa hali husema Alhamdulillah. Hilo ni jema na ni ibada, lakini anayesikia asilichukue kuwa ni jibu la kitabibu. Wanazuoni wametofautisha kati ya mtu kuilalamikia kadari na mtu kumweleza tabibu hali ilivyo. La kwanza ni baya, la pili ni katika kujitibu. Na kusema "wanangu hawanijali" mbele ya mgeni ni kama kuanika aibu ya nyumba, kwa hiyo mzee atasema wanamjali. Mke naye, akiulizwa juu ya mumewe huku mumewe amekaa kwenye kiti cha pembeni, jibu lake limeshajulikana kabla hajafungua kinywa. Muulizaji anayetaka ukweli aulize faraghani, kwa sauti ya chini, na asiwe na haraka.

Bonde letu na msimu wake

Bonde la Kilombero limehesabiwa sana. Tangu mwaka 1996 kaya za vijiji kadhaa vya Kilombero na Ulanga zimekuwa zikitembelewa mara kwa mara na wahesabuji wa kituo cha utafiti ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Afya Ifakara, wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Mbu wetu wamehesabiwa na homa zetu zimepimwa. Hata hivyo jiulize: ukiwa dispensari, ni lini mara ya mwisho uliulizwa nyumbani una nani?

Kwetu swali hilo lina uzito wa aina yake kwa sababu ya kilimo. Mvua zikianza, familia nyingi hugawanyika. Wenye nguvu wanakwenda kwenye mashamba ya mpunga huko mbugani, wanalala kwenye madungu kwa wiki nyingi wakilinda ndege na nguruwe, mpaka mavuno. Mjini au kijijini wanabaki wazee, wanafunzi na wagonjwa. Chukulia mfano wa nyumba ya watu sita. Kwenye daftari la kaya ni sita. Lakini mwezi wa Machi waliomo ni bibi mwenye kisukari na mjukuu wa miaka kumi. Upande wa pili, mama mwenye mtoto mchanga aliyemfuata mumewe shambani ana watu wa kuvuna naye, na hana mwanamke mzima wa kumwonyesha mtoto anayechemka. Daraja la mto Kilombero lililozinduliwa mwaka 2018 limetuondolea adha ya kusubiri pantoni, na hilo ni jambo kubwa. Lakini anayehitaji kuvuka usiku bado anahitaji kwanza mtu wa kumwamsha.

Kadhalika tuangalie wanaomeza dawa kwa muda mrefu. Tangu mwaka 2006 mpango wa taifa wa kifua kikuu ulianza kumpa mgonjwa nafasi ya kumezea dawa nyumbani, akisimamiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Utaratibu huo ni mzuri, kwani unaanza na imani ya mgonjwa. Shida inakuja pale jina linapoandikwa kwa heshima tu. Mwanamke anamtaja mumewe kwa kuwa ndiye mume, wakati anayemkumbusha kweli ni wifi yake. Kwenye kadi msimamizi yupo. Nyumbani hayupo. Dozi ya kifua kikuu ni ya miezi isiyopungua sita kwa wengi, na dawa za VVU ni za maisha. Kliniki ya magonjwa sugu ya Ifakara imewahudumia watu wa Kilombero na Ulanga tangu miaka ya mwanzo ya dawa hizo. Anayeacha dawa kwa kukosa wa kumwambia kwamba amechoka hurudi akiwa mgonjwa zaidi, na kifua kikuu kilichoachwa njiani kinaweza kuwa sugu kwa dawa na kuambukiza nyumba nzima.

Usafi usigeuzwe kuwa ubaguzi

Hapa ndipo safu ya usafi ina neno lake. Yapo mambo tunayoyafanya kwa jina la usafi ambayo kazi yake ni kumwambia mgonjwa kwamba hana mtu. Huko Mahenge, Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na aliwakuta wagonjwa waliotengewa vyombo, wanaokula peke yao, ambao hata wakianguka motoni watu waliogopa kuwagusa kwa kudhani kwamba mate yao yanaambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa sahani wala kwa kumshika mtu. Watafiti wamekihusisha kifafa cha Mahenge na minyoo ya usubi, ambayo hueneza na nzi weusi wa mitoni na si mgonjwa mezani. Aliyeanguka ashikwe, ageuzwe ubavu, aondolewe karibu na moto na maji, wala asitiwe kitu mdomoni.

VVU navyo havipiti kwenye sahani, kikombe au kupeana mkono. Kifua kikuu cha mapafu kinapita hewani, kwa hiyo dirisha lifunguliwe na mgonjwa azibe mdomo akikohoa. Akishaanza dawa sahihi, uwezo wa kuambukiza hupungua sana ndani ya wiki chache. Sahani yake haina hatia. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, mgeni anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Huo ndio usafi unaolinda. Ule wa kutenga kikombe unaumiza tu.

Mmoja anatosha

Yuko atakayesema: kuna faida gani kupima kitu ambacho hospitali haina dawa yake? Jibu ni kwamba dawa yake tunayo sisi, ila hatujui imekosekana kwa nani. Kipimo hakimtibu mtu, wala hakitumiki kuzitia aibu familia. Kazi yake ni kuonyesha pengo liko wapi: kwenye moyo, kwenye mikono, au kwenye maelekezo.

Tukumbuke Mtume Muhammad (SAW) aliporejea kutoka pangoni Hira akitetemeka. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Khadija (RA). Akafunikwa, akasikilizwa, akakumbushwa wema wake, kisha akapelekwa kwa mtu mwenye elimu. Aina zote tulizozitaja zimo humo, kutoka kwa mtu mmoja, na hakwenda kumtafuta, alijua yupo. Na Nabii Musa (AS) alipopewa kazi nzito hakuomba watu wengi. Aliomba ndugu yake, akamtaja kwa jina, Harun, na akataja anamtaka kwa lipi.

Basi tunapendekeza haya. Nyumbani, kabla watu hawajaondoka kwenda shambani, kila mgonjwa, mzee na mzazi aulizwe faraghani: usiku utamwita nani? Dawa zikikushinda utamwambia nani? Nani akikaa nawe unapumua? Majina yaandikwe, na waliotajwa waambiwe. Anayekwenda kumwona mgonjwa asikae mpaka akamchosha, na badala ya kusema "ukihitaji kitu sema", aseme "mimi nitakuja Jumatano kukuchotea maji". Kamati za misikiti, ambazo zina orodha ya wajane na yatima, ziongeze kwenye orodha hiyo waliojibu kwamba hawana wa kumwita, na kila mmoja akabidhiwe mtu mmoja wa karibu, mwanamke kwa mwanamke na mwanamume kwa mwanamume. Na wahudumu wa kliniki za wajawazito, kifua kikuu, kisukari na VVU wapatiwe yale maswali matatu kwa Kiswahili kilichojaribiwa kwa watu wa hapa, wayaulize kama wanavyopima uzito na presha, na waandike jibu kwenye kadi.

Ndugu msomaji, kumtembelea mgonjwa ni haki yake juu yetu, nasi hatusemi iachwe. Tunasema iongezwe swali. Leo usiku, wageni wakishaondoka na taa imepunguzwa, kaa karibu na mgonjwa wako umuulize. Akisema Alhamdulillah, itikia, kisha subiri kidogo. Huenda akaendelea.

Wabillahi tawfiq.